Gari likitoa moshi mlimani, anza na hewa

Maelezo yaliyotolewa na mkufunzi wa ufundi wa magari kwa madereva na wenye magari, Mukurweini.



Kila mmoja wetu amewahi kuona haya: pikapu ya maziwa inapanda kutoka mtoni, dereva anakanyaga mafuta, na watoto wanaotoka shule wanafunikwa na moshi mweusi. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Sheria ya Trafiki inaukataza pia. Lakini leo nitaanza na mfuko wa mwenye gari, kwa maana wapo wanaolipia kufunguliwa injini nzima wakati kilichoziba ni eyaklina.

Kabla ya spana kushikwa, maswali ni mawili: moshi ni wa rangi gani, na hutoka wakati gani? Fundi asiyekuuliza hayo, mwambie angoje kwanza.

Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha ya kuungua. Hapa kwetu shida hiyo iko karibu zaidi kuliko pwani. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15 hadi 20. Dizeli isiyo na tabo, iliyopimiwa mafuta kwa ajili ya nchi tambarare, ikipanda kilima na mzigo itatoa moshi kidogo hata ikiwa nzima. Kwa hivyo moshi hafifu unapobadilisha gia usikutie hofu. Wingu linaloendelea kutoka mpaka juu ya kilima ndilo la kushughulikia.

Anza na eyaklina. Vumbi la barabara zetu za murram huiziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Itoe, uielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga ukipita, nunua nyingine. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, na pole pole, maana upepo mkali hutoboa karatasi. Na tafadhali, asikudanganye mtu uendeshe bila eyaklina ili gari “lipumue”. Vumbi litaingia na kusaga ringi na silinda, na hapo kweli utalipia injini.

Gari lenye tabo lina jambo la pili. Hewa iliyosukumwa na tabo hupita kwenye paipu za mpira kabla ya kuingia kwenye injini. Paipu ikipasuka au klipu ikilegea, hewa inavuja huku mafuta yakiendelea kuja. Dalili zake ni moshi mweusi ukikanyaga sana, nguvu kupotea kilimani, na mara nyingi sauti ya kufoka ambayo haikuwapo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, pitisha mkono chini ya kila paipu. Penye oili na vumbi lililoganda pamoja, pachunguze. Klipu ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na pampu.

Hewa ikiwa sawa na moshi bado upo, sasa nenda kwenye nozo. Nozo iliyochoka hudondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Zipelekwe zikapimwe kwenye mashine, zisihukumiwe kwa macho. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huziharibu pamoja na pampu, kwa sababu mafuta taa hayalainishi vizuri. Mchezo huo ulikuwa umeenea hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuuzuia.

Halafu kuna tabia ya kufungua pampu ili gari lipande na mzigo. Mimi siipendi hata kidogo. Mafuta yakiongezwa bila hewa kuongezeka, nguvu unayopata ni kidogo, na kilichobaki ni moshi na joto linaloweza kuyeyusha pistoni. Punguza mzigo, au shuka gia mapema.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kwa gari la petroli milima yetu ni kipimo kizuri: teremka hadi darajani ukiwa kwenye gia, bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga. Wingu la buluu likitoka mara moja na kuisha, shuku sili za valvu. Likifuatana nawe kilima kizima, shuku ringi. Kwa dizeli yenye tabo, buluu ya ghafla yaweza kuwa sili za tabo. Usiendelee na safari, kwa sababu injini yaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe na isizimike hata ukitoa ufunguo.

Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto, na maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi ya silinda hedi. Simamisha gari.

Gari la petroli likitoa moshi mweusi, fungua plagi. Zikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yanazidi. Angalia eyaklina kwanza, kisha sensa ya oksijeni na injekta, hasa kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Fundi akimaliza, usikubali akuonyeshe kwa kuvumisha injini gari likiwa limesimama, kwa kuwa bila mzigo moshi mwingi hujificha. Mpeleke kwenye kilima kile kile, na gia ile ile, na mzigo ule ule, mtu mwingine akiwa nyuma kwa pikipiki akitazama. Mlipe mkisharudi.