Kabla Hamjauza Ng'ombe: Njia Zilizo Wazi kwa Mhitimu wa Kidato cha Nne

(Hotuba ya Afisa Elimu Sekondari katika mkutano wa wazazi na wahitimu)



Miaka michache iliyopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu akiwa na cheti cha binti yake ndani ya bahasha. Alikuwa ameuza ng'ombe watatu ili binti asomee uuguzi katika chuo alichokiona kwenye bango la barabarani. Binti alisoma, akafaulu, akatunukiwa cheti. Lakini kila alikoomba kazi alirudishwa, kwa kuwa chuo kile hakikuwa na usajili. Mzee hakulalamika. Aliuliza tu: "Mwalimu, mbona hamkutuambia mapema?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ninasema leo, kabla hamjauza chochote.

Mhitimu wa Kidato cha Nne ana njia kuu tatu. Ya kwanza ni Kidato cha Tano na cha Sita, kisha chuo kikuu. Njia hii humtaka awe amepata angalau alama C katika masomo matatu, na tahasusi aichague kwa masomo anayoyamudu, si kwa sifa za jirani.

Ya pili ni vyuo vya kati, vilivyo chini ya usimamizi wa NACTVET. Kwa kawaida huhitajika alama D au zaidi katika masomo manne yasiyo ya dini, ingawa fani za afya hudai pia masomo ya sayansi. Mwanafunzi huanzia ngazi ya 4 na kupanda hadi ngazi ya 6, yaani stashahada. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba nafasi ya shahada. Hivyo aliyepita huku hakufungiwa mlango wa chuo kikuu. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/2024, mikopo ya Serikali imetolewa pia kwa wanafunzi wa baadhi ya stashahada za kipaumbele.

Ya tatu ni ufundi stadi: umeme wa majumbani, uashi, ushonaji, uchomeleaji, ufundi magari na nyinginezo. Hufundishwa katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na pia katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975. Hata kijana aliyejifunza uashi kwa mjomba wake bila kukanyaga darasani anaweza kupimwa na VETA, ujuzi wake ukarasimishwa kwa cheti.

Wazazi wangu, kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni mambo mawili: kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba kozi yenyewe inatambuliwa. Chuo chaweza kuwa halali huku kozi mojawapo ikawa haina ithibati. Asiye na intaneti na aje ofisini kwetu. Tutamtazamia bila malipo.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito. Matokeo hafifu ya mtoto wa kiume huitwa bahati mbaya. Ya binti hugeuzwa sababu ya kumwoza au kumpeleka mjini kufanya kazi za ndani. Binti huyo naye ana haki ya njia hizi tatu. Na aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, tangu Novemba 2021 Serikali imemfungulia mlango wa kurejea shuleni. Msimfungie ninyi nyumbani.

Kwenu vijana: cheti pekee hakinunui mashine ya kuchomelea. Sheria inaitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkimaliza mafunzo, jiungeni katika kikundi, mkisajili, kisha muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu.

Mzee yule alibaki na bahasha yake. Ng'ombe wake siwezi kumrudishia. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba swali lake haliulizwi tena katika wilaya hii.