Yasimalizwe Barazani

Msikilizaji, hotuba za tarehe 30 Julai umezisikia. Siku ya Kimataifa ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu imepita, viongozi wamesema watoto walindwe, nasi tumewarushia maneno yao kwenye taarifa ya habari. Swali letu ni moja: kesi ziko wapi?

Sheria ya kupinga usafirishaji huo ipo nchini Tanzania tangu 2008. Haingoji mtoto avushwe Tunduma au Namanga. Kumchukua hapa Kilosa na kwenda kumtumikisha Dar es Salaam kunatosha kuwa kosa. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na hata akisema alikubali mwenyewe, kauli hiyo haimwokoi aliyemchukua. Mhusika akiwa mzazi, mlezi au ndugu, sheria inalihesabu kosa kuwa zito zaidi. Na mwaka 2022 mwanya wa kulipa faini ukakwepa kifungo uliondolewa. Sasa, kesi ziko wapi?

Zimemalizwa barazani. Binti anarudi kijijini na kovu la pasi mkononi, mshahara hajauona hata mwezi mmoja, shule aliyoahidiwa hakuikanyaga. Aliyempeleka anaitwa. Ni shangazi, ni jirani, ni mtu wa kanisani au msikitini. Anaomba radhi, anatoa kitu kidogo, wazee wanasema yaishe. Yanaisha kwa wazee. Mwaka unaofuata shangazi yuleyule anakuja kuchukua binti mwingine, na tunampokea kwa chai.

Hatuwalaumu wazazi kwa wepesi. Mkulima wa Rudewa au Malolo ambaye mafuriko yameondoka na mahindi yake, akiambiwa mwanawe atasomeshwa mjini, anaona ni riziki imebisha hodi. Kumshtaki ndugu kunavunja ukoo. Kufuatilia kesi kunadai nauli leo, nauli kesho, kisha unaambiwa shahidi hakutokea, rudi tena. Hayo yote tunayajua. Lakini barazani hapana rekodi, hapana hakimu, hapana kifungo. Anayewachukua watoto wetu analijua hilo kuliko sisi.

Mikumi nako tusijifanye hatuoni. Malori ya Zambia na Kongo yanalala pale. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, na bado wapo mabinti wadogo wanaobeba trei za bia saa tano za usiku. Aliyewaleta ni nani? Kesi yake iko wapi?

Na msimu wenyewe unakuja. Septemba darasa la saba wanafanya mtihani. Kuanzia hapo hadi kidato cha kwanza kinapofunguliwa Januari, mtoto yuko nyumbani, hana sare, hana mwalimu wa kuuliza mbona haonekani. Hiyo ndiyo miezi ya simu za "nitafutie msichana wa kazi". Hotuba ni Julai, watoto wanaondoka baada ya Septemba. Atakayetaka kuwalinda aanze wakati huo: mwalimu mkuu abaki na orodha ya waliomaliza, mtendaji wa kijiji apite nyumba kwa nyumba aulize nani ameondoka, na ameondoka na nani.

Mwenyekiti wa kitongoji, ukiitwa kwenye kikao cha kusuluhisha jambo la namna hii, usikae. Simama, sema hili ni la polisi, uwapeleke wahusika Dawati la Jinsia na Watoto. Kondakta, mtoto akipanda na mtu asiyemjua hata jina lake, uliza. Dereva wa bodaboda unayewashusha stendi alfajiri, uliza. Wewe mama wa mjini unayeagiza binti wa miaka 13 akulelee mtoto, unayetenda kosa ni wewe pia. Acha! Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haikugharimu kitu. Piga.

Na kwa polisi na waendesha mashtaka wa wilaya yetu: njooni hapa studio mtueleze mmefungua majalada mangapi ya kosa hili, mangapi yamefika kwa hakimu, na yaliyokwama yamekwamia kwa nani. Kipindi ni chenu, siku yoyote mtakayochagua.