Chandarua, Mto na Uzazi: Kazi ya Meza Moja

(Maneno tuliyoyatoa Kisangani mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wao)

 

Tumeombwa kuzungumza juu ya kazi inayofanyika katika vijiji vya pwani, ambako afya, uzazi na ulinzi wa bahari hushughulikiwa pamoja. Mtauliza: pwani na Kisangani, wapi na wapi? Bahari iko mbali, ni kweli. Lakini sisi pia tunaishi ukingoni mwa maji, na matatizo ya watu wa maji hufanana.

Tuanze na chandarua. Mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza Februari 2023, kwa ajili ya ugomvi wa ardhi, wengi walikimbia Lubunga na kuvuka mto bila jembe, bila kitu. Familia inapewa chandarua. Watoto wana njaa, na mto uko karibu. Baba anakishona chandarua kiwe wavu. Hatumlaumu haraka, nani kati yetu angeacha watoto walale na njaa? Lakini matundu ya chandarua ni madogo mno, yanabeba hata vifaranga vya samaki, na dawa iliyotiwa humo ni sumu kwa samaki. Usiku mtoto analala bila kinga, malaria inaingia. Nao wavuvi wenyeji wakiona samaki wanapungua, wanasema: "Ni hawa waliokuja." Ugomvi mpya umezaliwa, na sisi tumetoka kwenye ugomvi.

Mnaona, kitu kimoja kimegusa afya, mto na amani. Lakini wageni wenye magari huja mmoja mmoja: leo wa malaria, kesho wa misitu, wiki ijayo wa uzazi. Hawajuani.

Huko Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka, wavuvi walikubaliana mwaka 2004 kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Walipoifungua walivua pweza wakubwa zaidi, na vijiji jirani vikaiga. Lakini wamama waliwaambia wasaidizi wao jambo lingine: wanataka kupumzika kati ya mimba, na kituo cha afya kiko mbali mno. Shirika la Blue Ventures, lililokuwa likisaidia uvuvi, likaanzisha huduma ya uzazi wa mpango mwaka 2007. Tangu 2011 kazi ya namna hiyo ilifanyika pia kando ya Ziwa Victoria, Uganda na Kenya, kwa kutumia kaya za mfano: choo, chandarua kitandani, nyavu halali, uzazi uliopangwa, vyote katika nyumba moja.

Hapa tuseme wazi. Wengine watanong'ona kwamba tunataka mzae wachache ili samaki wabaki. Hapana. Watu waliozika watoto wao hawawezi kuambiwa neno hilo, nasi hatutalisema. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, kwa usalama wake na wa mtoto. Idadi ya watoto ni shauri la mke na mume.

Tunaomba jambo moja. Mzee wa Wagenya, ambaye ukoo wake umetega samaki kwenye maporomoko tangu zamani na anajua majira yao, akae meza moja na muuguzi, mama mmoja kutoka makao na chifu wa mtaa. Waanze na chandarua. Wasianze kwa kunyang'anya: aliyenyang'anywa bila kupewa njia nyingine atarudi mtoni usiku. Wazungumze kwanza nani anaweza kupata nafasi katika mtumbwi, nani kipande cha shamba la kukodi, na nyavu zipi wenyeji wanazikubali.

Tumesema ya kutosha. Mama aliyeinua mkono pale nyuma, tafadhali anza.