Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya mzigo, tena mzigo wenyewe hasa, ule wa kubebwa mgongoni, na juu ya yule anayeubeba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana ya maneno hayo niliipata barabara nchini Nepal, katika mabonde ya Khumbu, nilipokwenda kwa miguu kutoka Lukla hadi chini ya mlima Everest.

Kwanza niieleze njia. Lukla iko mita 2,860 juu ya usawa wa bahari. Ndege ndogo hutua katika kiwanja chenye urefu wa mita 527 tu, tena cha mteremko. Mwisho mmoja kuna ukuta wa mlima na mwisho wa pili kuna genge. Kutoka hapo kwenda juu hakuna barabara ya gari. Ni mwendo wa siku nane hivi. Unauvuka mto Dudh Koshi kwa madaraja yanayoning'inia, unafika Namche, mita 3,440, kijiji kilichopangwa ngazi kwa ngazi ndani ya bonde mfano wa bakuli. Unapita Tengboche, penye nyumba ya watawa wa Kibudha iliyoungua mwaka 1989 na kujengwa upya. Unapita Dingboche, mita 4,410, wanakolima viazi na shayiri katikati ya kuta za mawe. Mwisho ni kambi ya wapanda mlima, mita 5,364. Huko oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile anayoipata mtu wa Mombasa au Dar es Salaam.

Sasa, kama gari halifiki, mchele unafikaje? Na mitungi ya gesi, mabati, mbao na soda za wageni? Baadhi hubebwa na nyumbu na yaki, baadhi na helikopta, na vilivyobaki hupanda kwa mgongo wa binadamu. Mpagazi wa Nepal ana vifaa vitatu. Cha kwanza ni kikapu kiitwacho doko. Cha pili ni namlo, ukanda unaopita chini ya kikapu na kuzunguka juu ya paji la uso. Cha tatu ni fimbo fupi mfano wa herufi T, ambayo huisimika chini ya kikapu ili apumzike bila kuutua mzigo. Wasikilizaji wa Kenya wataufahamu ukanda huo mara moja, maana akina mama wa Kikuyu wamebebea kuni kwa ukanda kama huo tangu zamani.

Wataalamu nao waliuona ufanano huo. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya kuwapima akina mama wa Kikuyu na wa Kijaluo, ikaonekana kuwa waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu za ziada. Mwaka 2005 yakachapishwa ya wapagazi wa njia hii hii ya Namche. Kwa wastani wanaume walibeba asilimia 93 ya uzito wa miili yao, na wanawake asilimia 66. Yaani mtu wa kilo 50 hupanda mlima na kilo 46 na ushei. Hutembea polepole, saa nyingi, wakipumzika mara kwa mara.

Jioni tukila wali na dengu, nilimsikia mgeni mmoja akisema, "Hawa wamezoea, ni watu wa milimani." Ndugu wasikilizaji, neno hilo "wamezoea" ndilo kanda la usufi lenyewe. Wapagazi wengi si Washerpa wa huko juu. Ni wakulima wa Kirai, Kitamang na wengineo kutoka vilima vya chini. Ugonjwa wa mwinuko huwapata kama unavyompata mgeni: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mtu anapepesuka. Ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na kifo hakiko mbali. Dawa ya uhakika ni kushuka. Kinga yake ni kutokwenda mbio: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Wenyeji husema "bistari, bistari", nasi tunasema polepole.

Tofauti ni hii. Mgeni akiumwa husema, na bima yake huiita helikopta. Mpagazi akiumwa hunyamaza, kwa sababu akisema huenda akakosa ujira. Mwaka 1997, baada ya mpagazi mmoja kijana kuugua, kuachwa na kufariki, liliundwa kundi la kimataifa la kuwatetea wapagazi. Madai yake ni ya kiutu tu: nguo za baridi, pa kulala, matibabu sawa na ya mgeni, na mgonjwa asiteremshwe peke yake.

Kiongozi wetu wa njia aliyafuata hayo. Tulipofika Dingboche alituuliza wageni hali zetu, kisha akawauliza wapagazi maswali yale yale. Mmoja wao alikana kuumwa, lakini alipoambiwa atembee kwa mstari mnyoofu hakuweza. Aliteremshwa asubuhi ile ile pamoja na mwenzake, na ujira wa siku zote akalipwa. Mmoja wetu alinung'unika kuwa tunamlipa mtu asiyefanya kazi. Kiongozi akamwomba auinue kwanza mzigo wa yule kijana. Aliuinua kidogo, akautua, na manung'uniko yakaisha.

Jambo hili si la Nepal peke yake. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kiko juu ya kambi ile ya Everest kwa mita 531, na watu wengi hukipanda kwa siku tano hadi saba tu. Wanaobeba mizigo huko ni vijana wetu, waitwao wagumu. Kanuni imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizani ipo. Lakini mizani haipimi viatu alivyovaa, wala hema analolala, wala kama amekula jana.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, siku utakapokwenda mlimani, na ukapewa bei iliyo rahisi kuliko zote, usifurahi upesi. Uliza kwanza nani amelipia tofauti hiyo, na kama jina lake la wagumu halijawa kisingizio cha kumnyima blanketi.