KANUNI ZA UCHUKUZI WA MIZIGO YA HATARI BARABARANI: YALIYOBADILIKA NA YANAYOMHUSU KILA MTU

(Matini ya mazungumzo kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba)



Wahenga walisema ajali haina kinga. Neno hilo husemwa sana msibani, na huko ndiko pahala pake, kwani humliwaza aliyefiwa. Lakini likiletwa katika uchukuzi wa petroli, gesi na tindikali, hugeuka kuwa maficho ya mzembe. Historia ya kanuni za mizigo ya hatari inaonyesha kwamba ajali za aina hii zina kinga, na kwamba kinga hiyo huwekwa kabla gari halijatoka ghalani. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kanuni hizo zimetoka wapi, zimebadilika vipi, na zinamtaka kila mmoja afanye nini.

MZIGO WA HATARI NI UPI

Inapotajwa mizigo ya hatari, wengi huona mbele ya macho yao lori kubwa la mafuta peke yake. Hiyo ni sehemu moja tu. Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo yake ya mwanzo kuhusu jambo hili mwaka 1956, na hadi leo mizigo hiyo imegawanywa katika madaraja 9. La kwanza ni vitu vya kuripuka, kama baruti za kuvunjia mawe. La pili ni gesi. La tatu ni vimiminika vinavyowaka, kama petroli, dizeli na mafuta ya taa. La nne ni vitu vikavu vinavyowaka. La tano ni vitu vinavyouchochea moto, ukiwemo unga wa klorini unaotiwa katika maji. La sita ni sumu na vitu vinavyoambukiza. La saba ni vitu vyenye mnunurisho. La nane ni vitu vinavyobabua, kama tindikali ya betri. La tisa hukusanya hatari nyenginezo, zikiwemo betri za lithiamu.

Kila kitu katika madaraja hayo kimepewa namba yenye tarakimu nne. Petroli ni 1203, dizeli ni 1202, mafuta ya taa ni 1223. Namba hizo ni zile zile baharini na nchi kavu. Jambo hili lina faida kubwa kwa watu wa visiwani, ambao bidhaa zao nyingi huletwa na vyombo vya bahari: pipa lililoandikwa namba yake bandarini lilikotoka husomeka vile vile likiteremshwa Malindi na likipakiwa garini kwenda shamba.

ASILI YA KANUNI NA MABADILIKO YAKE

Kwa upande wa barabara, mapatano yanayotumiwa zaidi kuwa kigezo yalifikiwa mjini Geneva tarehe 30 Septemba 1957, na yakaanza kutumika tarehe 29 Januari 1968. Yalianzishwa na nchi za Ulaya, lakini mlango wake hauko kwa Ulaya tu. Nigeria ilijiunga mwaka 2018 na Uganda mwaka 2022. Aidha, tangu mwaka 2021 neno "Ulaya" limeondolewa katika jina lake. Mapatano hayo hupitiwa na kurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Miongoni mwa mabadiliko yaliyopita, matatu yanafaa kuelezwa hapa.

La kwanza ni kuhusu nani mwenye dhamana. Zamani ilikuwa rahisi gari likiungua kumtazama dereva peke yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mapatano yameweka sura maalumu inayomtaja kila mhusika na wajibu wake: anayeutuma mzigo, anayeupakia au kulijaza tangi, mwenye gari, dereva, na anayeupokea. Hekima ya jambo hili inaonekana katika msiba uliotokea Hispania tarehe 11 Julai 1978. Gari lililochukua gesi ya propilini liliripuka kando ya kambi ya mapumziko iitwayo Los Alfaques, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Tangi la gari hilo lilikuwa limejazwa kupita kiasi. Gesi iliyogeuzwa kimiminika hutanuka inapopata joto, na ikikosa nafasi ya kutanukia hulisukuma tangi kutoka ndani. Dereva aliondoka na kosa lililokwisha kutendeka mahali pa kujazia, kabla hajatia gari moto.

La pili ni karatasi ya maelekezo inayokaa mbele kwa dereva. Kabla ya mwaka 2009, karatasi hiyo iliandaliwa kwa kila aina ya bidhaa, na anayetuma mzigo ndiye aliyetakiwa kuitoa. Tangu mwaka huo imekuwa ya namna moja, yenye kurasa nne, na mwenye gari ndiye anayewajibika kuwapa watu wake kabla ya safari. Sharti lake kubwa ni hili: iandikwe kwa lugha ambayo dereva na msaidizi wake wanaweza kuisoma na kuifahamu. Kwa dereva wa Unguja au Pemba lugha hiyo ni Kiswahili. Karatasi nzuri yenye picha, iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, haitamsaidia kitu usiku ambapo bomba limepasuka na yeye yuko peke yake njiani.

La tatu linahusu vitu vipya. Magari yanayokwenda kwa betri za lithiamu yalikuwa yamewekwa chini ya namba 3171 pamoja na vyombo vyengine vya betri. Katika marekebisho ya mwaka 2025 yamepewa namba zake mbali, na betri za sodiamu nazo zimeingizwa. Sababu ni kwamba betri ya lithiamu iliyoharibika huweza kujipasha moto yenyewe na kuwaka tena baada ya kuzimwa. Kikosi cha Zimamoto kinahitaji kujua mapema kwamba ndicho kitu kilicho mbele yake.

YANAYOTAKIWA KWA GARI NA DEREVA

Kibao cha rangi ya chungwa chenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30, kinachobandikwa kwenye gari la tangi, si pambo. Namba ya juu hueleza aina ya hatari na ya chini hutaja bidhaa. Gari la petroli huwa na 33 juu na 1203 chini. Tarakimu 3 ni alama ya kimiminika kinachowaka, na inaporudiwa mara mbili maana yake hatari imezidi. Ikitanguliwa na herufi X, maji yasitumiwe ila kwa idhini ya wataalamu, kwani bidhaa hiyo huchachamaa vibaya ikikutana nayo. Mwenye kuifahamu alama hii anaweza kupiga simu na kusema jambo la maana akiwa mbali.

Vilevile, tangi lisilogawanywa kwa vizuizi ndani yake, katika sehemu zisizozidi lita 7,500 kila moja, haliruhusiwi kusafiri na kimiminika likiwa limejaa baina ya asilimia 20 na 80. Tangi la nusu ni hatari kuliko wengi wanavyodhani: kimiminika hukimbia upande mmoja gari linapokata kona, na uzito wake huweza kulipindua. Gari linalozidi tani 7.5 hutakiwa kuwa na vizima moto vya unga visivyopungua kilo 12 kwa jumla. Dereva hupewa cheti baada ya mafunzo, yakiwemo mazoezi ya kuzima moto na huduma ya kwanza, na cheti hicho hudumu miaka mitano. Abiria haruhusiwi kupandishwa. Kumpa jirani lifti katika gari la mafuta si wema.

WAJIBU WA WAFANYAKAZI WA SERIKALI

Katika Zanzibar zinafuatwa sheria za Zanzibar, na biashara ya mafuta na gesi inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013. Hata hivyo, haifai mfanyakazi wa Serikali kudhani kuwa jambo hili ni la wafanyabiashara tu. Hospitali hupokea mitungi ya oksijeni. Skuli zina tindikali katika maabara. Huduma za maji hutumia klorini, na kilimo hutumia dawa za wadudu. Kwa hivyo ofisi ya Serikali nayo ni mtumaji na mpokeaji wa mizigo ya hatari, na mtunza ghala anayetia saini hati ya kupokelea ni mmoja wa wenye dhamana.

Anapaswa kuhakikisha kwamba mitungi imesimamishwa na kufungwa, kwamba gari linapitisha hewa, na kwamba klorini haikupakiwa pamoja na mafuta. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini huupa moto nguvu kubwa. Mkono wenye mafuta au grisi usishike koki ya mtungi wake.

WAJIBU WA WANANCHI

Linabaki jambo zito kuliko yote. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, Kenya. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Tarehe 10 Agosti 2019, jambo kama hilo lilitokea Msamvu, Morogoro, na huko pia waliofariki walizidi 100. Waliokwenda na madumu hawakuwa watu waovu. Walikuwa ni watu wenye haja, na walioyaona mafuta yakimwagika bure.

Inafaa kila mtu afahamu kwamba kinachowaka katika petroli ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini, huingia mitaroni na hufika mbali bila ya kuonekana. Cheche ya pikipiki inayowashwa hatua nyingi kutoka kwenye gari inatosha kuurejesha moto hadi kwenye chanzo. Anayesogea na dumu lake tayari amesimama ndani ya moto ambao haujawashwa.

Kwa hivyo lori la mafuta au gesi likipata ajali, wananchi wanatakiwa waondoke mbali, waelekee upande upepo unakotoka, wasiwashe sigara wala chombo cha moto, wawazuie watoto, na wakiwa mbali watoe taarifa kwa Zimamoto au Polisi, wakiitaja namba ya kibao ikiwa imeonekana. Masheha wanaombwa kuyaeleza haya katika shehia zao sasa, wakati wa utulivu. Siku ya ajali hakuna atakayesikiliza somo. Aidha, petroli isichukuliwe kwa madumu ndani ya gari za abiria, hata ikiwa safari ni fupi na dumu ni dogo.

Kanuni zinaweza kumfunga mtumaji, mpakiaji, mwenye gari na dereva. Haziwezi kumshika mkono mtu aliyekwisha kutoka mbio na dumu. Hapo inabaki elimu aliyoipata kabla, na jirani wa kumwambia arudi. Tahadhari kabla ya hatari.