Orodha Inayoamsha Ruta Yako



Ruta inapowashwa, programu ndogo hutangulia kuamka, ndipo iiite programu kuu. Katika vifaa vingi kazi hiyo hufanywa na U-Boot. Hiyo husoma orodha fupi katika kumbukumbu ya kudumu, ambayo mafundi huiita vigeu vya mazingira: programu kuu iko wapi, isubiriwe sekunde ngapi, na namba ya utambulisho wa kifaa katika mtandao.

Sasisho la programu huweza kuibadilisha orodha hiyo. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, yaweza kuharibika. U-Boot ikigundua kasoro, hutumia orodha ya msingi iliyojengwa ndani yake, ambayo huenda haina namba ya kifaa chako.

Kwa hiyo tunawasihi: msizime ruta inaposasishwa, nakilini namba iliyo kwenye kibandiko cha kifaa, na fundi asiiguse orodha hiyo kabla ya kuhifadhi nakala yake. Aliye na nakala huweza kuirejesha. Ruta isiyoamka si lazima itupwe. Huenda imepoteza maelekezo tu.