Mtoro Wetu Yuko Mwaloni

(Mazungumzo na wanakisomo wa kando ya ziwa, Ilemela)



Leo sikuja kuwapima kusoma. Nimekuja tuzungumze juu ya watoto wetu. Siku hizi kila mkutano wa wazazi una kilio kimoja: watoto hawana adabu. Wanatukana, wanavuta bangi, wanamjibu mwalimu ovyo. Hayo yapo, sikatai. Lakini hapa kwetu, toka Kirumba mpaka Igombe na Kayenze, kosa ninaloliona mimi kuwa mama wa mengine ni utoro. Na mtoro wetu hajifichi porini. Yuko mwaloni, na sisi tunamwona.

Mnaijua kazi ya dagaa kunishinda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri. Mwezi ukiwaka sana, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wanapumzika. Basi zile alfajiri za giza, mitumbwi ikifika, kazi zinakuja zote kwa pamoja. Kupakua, kubeba ndoo, kuanika, kufukuza ndege. Nani anaitwa? Mtoto wa darasa la nne. Anapewa kopo la dagaa au vishilingi vichache. Wengine wanavutishwa kokoro, ambalo lenyewe limekatazwa na sheria ya uvuvi!

Sasa, ukifika nyumbani chukua daftari la mtoto wako. Wewe unajua kusoma, usimwachie mwalimu peke yake kazi hii. Usianze kutazama vema na kosa. Tazama tarehe. Watoto hufundishwa kuandika tarehe juu ya kazi ya siku. Ukiona tarehe 3, halafu tarehe 4, halafu inaruka mpaka tarehe 17, ondoa Jumamosi na Jumapili, kisha jiulize zile nyingine zilikwenda wapi. Kumbuka pia mwezi wa angani ulikuwaje siku hizo. Kama zilikuwa siku za giza, jibu umelipata kabla mtoto hajafungua mdomo. Mama au baba ambaye juzi tu alikuwa anaweka dole gumba sasa anaweza kufanya ukaguzi huo kwa dakika tano.

Mtoto huyo akirudi darasani, hesabu za kugawanya zimekwisha kupita. Haelewi. Amechoka, anasinzia. Akiamka anachokoza wenzake, akikemewa anajibu. Tena ana shilingi mfukoni, anajiona mtu mzima. Huo utovu wa nidhamu tunaoulalamikia mkutanoni unaanzia hapo.

Na sisi wazazi tunafanya nini? Tunamshika mkono mpaka shuleni. "Mwalimu, huyu ni wako, mchape tu." Kesho yake alfajiri ni sisi tunaomwamsha aende kuanika. Fimbo ya mwalimu itamfundisha nini mtoto aliyetii amri ya mama yake?

Tena hiyo fimbo ina sheria zake, na ni vizuri mzijue. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4 kwa mara moja. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Achapwe mkononi au makalioni juu ya nguo, tena kwa kosa kubwa, na adhabu iandikwe kitabuni. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwalimu "mchape utakavyo" anatoa ruhusa ambayo hana. Mnakumbuka Agosti 2018, ng'ambo ya ziwa, Bukoba. Mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Alipigwa shuleni, akafariki. Walimu wawili walifikishwa mahakamani.

Mzazi naye ana sheria yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mpaka amalize. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Na mtoto yeyote asifanye kazi ya usiku, yaani toka saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi.

Mama mmoja aliniambia, "Bwana elimu, wewe una mshahara. Mimi ni mjane, dagaa zangu nitaanika na nani?" Ni swali la haki, na sitalijibu kwa kumtisha na sheria. Akina mama wanaoanika jirani wanaweza kuanika kwa zamu, kama wanavyosaidiana kulima. Jua likiwa kali, dagaa za asubuhi huanuliwa mchana au jioni, wakati mtoto amerudi shule. Hapo akimsaidia mama yake kuanua, hakuna ubaya. Lakini mwenye mtumbwi, na mfanyabiashara anayenunua magunia Kirumba kupeleka mpaka Kongo, huyo ana fedha ya kumlipa mtu mzima. Anamchukua mtoto kwa sababu mtoto ni rahisi.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ujao, ombeni jambo hili liingizwe. Mwalimu mkuu aje na daftari la mahudhurio, viongozi wa mwalo, yaani BMU, nao wawepo. Mkubaliane kwamba saa za masomo mtoto wa shule hapewi kazi mwaloni, awe wa nani. Mwenye mtumbwi akikataa, jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Msiseme hakuna wa kuandika. Mmo humu zaidi ya ishirini.